Mtahini Aliyeingia Aya ya Nne

Jumatatu saa tatu na robo asubuhi karani wa idara aliingia chumba cha kusomea kuchukua kikombe, akakuta kiti hakina mtu. Koti la mtahini lilikuwa mgongoni mwa kiti, kasha la miwani liko mezani, chai imebaki nusu, na makala aliyokuwa akiisoma imefunguliwa ukurasa wa kumi na moja. Karani aliinama akatega sikio kwenye karatasi. Alisikia mtu akikohoa kwa mbali, kisha viatu vikiburuzwa, kisha kimya. Akabeba kikombe, akaenda ofisini kwa Mkuu wa Idara kumpa habari kwamba mtahini ameingia.

"Ameingia aya ya ngapi?" Mkuu aliuliza, huku akiendelea kugonga mihuri.

"Ya nne."

"Hiyo inaishia wapi?"

"Ukurasa wa kumi na saba."

"Mh!" akasema Mkuu. Akavuta mtoto wa meza, akatoa Fomu ya Msomaji Aliyechelewa Kutoka, akajaza tarehe, akaigonga muhuri kwa kuwa muhuri ulikuwa tayari mkononi.

Haikuwa mara ya kwanza. Pale chuoni watu walikuwa wakiingia aya na kukawia tangu zamani, na palikuwa na utaratibu wake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliwahi kuingia utangulizi wa tasnifu moja siku ya Alhamisi, akatoka Jumamosi, njaa inamuuma, wala hakumbuki alifuata nini. Paka wa maktaba aliingia dibaji, hakutoka tena; maktaba ikaletewa paka mwingine. Kanuni ilisema msomaji asubiriwe siku saba, na katika siku hizo lisifanywe jambo lolote litakalomvunjia heshima mwandishi. Kuhusu heshima ya msomaji kanuni haikusema kitu.

Aliyeumizwa na habari ile alikuwa mtu mmoja tu, mwalimu wa uandishi wa mwaka wa kwanza, ambaye wanafunzi walimwita Bi Matano. Kazi yake ilikuwa kufundisha aya. Wakubwa wa pale waliiona kazi hiyo kama ya yaya: anamfundisha mtoto kupenga kamasi, na mtoto akishakua hamkumbuki. Jina alilipata kwa sababu ya sheria yake moja. Ukimaliza aya, andika pambizoni, kwa maneno matano, aya yako inasema nini. Matano, si sita. Ukishindwa, basi aya haina kitu. Ifute, kanywe maji, uanze upya.

Wiki mbili za kwanza wanafunzi walimchukia kama dawa chungu. Wiki ya tatu walianza kuandika aya ambazo mtu anaingilia mlango wa mbele, anaonyeshwa jambo moja, anapewa ushahidi wake, anaelezwa ushahidi ule unahusu nini, kisha anatokea upande wa pili na akili zake zote. Hakuna msomaji aliyewahi kupotelea katika aya ya mwanafunzi wa Bi Matano. Hilo halikuandikwa popote, maana chuoni huandikwa yaliyotokea, hayaandikwi yaliyozuiwa.

Ulikuwa mwaka wa kumi na moja sasa anafanya kazi kwa mkataba wa muhula. Muhula ukiisha naye anaisha. Muhula ukianza anaandikiwa barua upya kama mtu aliyeokotwa jana. Mvumilivu hula mbivu, walimwambia, na waliomwambia walikuwa wanatafuna. Angeendelea kuvumilia, kwa kuwa alishazoea, lakini safari hii alikuwa na sababu. Mama yake alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kuzimika, la kulia lilikuwa linafuata, na daktari alisema wazi kwamba lisipopasuliwa kabla ya mwaka kwisha, basi tena. Hospitali iliwapokea wenye kadi ya bima, na kadi ya chuo iliwahusu wazazi wa wafanyakazi wa kudumu peke yao.

Ndiyo maana Bi Matano aliomba ajira ya kudumu. Aliandika makala ya kurasa kumi na nane kuhusu namna ya kuandika aya, akaiweka kwenye faili jembamba la kijani, na faili likapelekwa kwa mtahini kutoka chuo kingine, aliyekuja kwa wiki moja. Mezani kwa mtahini palikuwa na mafaili mawili. Alianza na lile nene, kwa sababu mahali kama pale kinene hutangulia. Baraza la ajira lilikuwa likae Ijumaa saa sita mchana. Faili lisilo na sahihi ya mtahini lingesubiri mwaka ujao.

Faili nene lilikuwa la mhadhiri mwandamizi aliyekuwa akiutafuta uprofesa. Wanafunzi walimwita Kwa Mantiki Hiyo, kwa kuwa alianza kila jambo kwa maneno hayo, hata akiagiza chai. "Kwa mantiki hiyo, ongeza sukari," angemwambia mhudumu, na mhudumu angeongeza, akijiuliza mantiki ipi.

Jumanne asubuhi Bi Matano alikwenda kwanza kwa Mkuu wa Idara.

"Shikamoo, Mkuu. Nimekuja kuhusu mtahini."

"Marahaba. Yumo, anaendelea vizuri. Fomu nimeijaza."

"Baraza linakaa Ijumaa."

"Naam. Kanuni inasema siku saba. Asipotoka utaomba mwakani."

"Mwakani mama yangu atakuwa haoni."

"Pole sana, Mwalimu," akasema Mkuu, na alikuwa anatafuta kibanio cha karatasi alipokuwa akisema.

Bi Matano akaondoka, akapanda ghorofa ya pili kwa Kwa Mantiki Hiyo. Alimkuta anapanga vitabu kwa urefu.

"Daktari, mtahini yuko ndani ya aya yako ya nne."

"Nimesikia." Uso ulimng'aa. "Tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi."

"Na bado yumo?"

"Bado."

"Basi ameipenda."

"Hajaipenda, Daktari. Amepotea."

"Kwa mantiki hiyo, Mwalimu, wewe unadhani kupotea ni kitu kibaya." Alimcheka kwa upole, kama anavyochekwa mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Wasomaji wakubwa hupotea. Wadogo ndio wanaofika upesi."

Bi Matano alimwomba basi amwambie, kwa maneno matano, aya ile inasema nini, ili apate kumwelekeza yule mzee wa watu. Kwa Mantiki Hiyo alikwenda dirishani. Akaweka mikono nyuma. Akatazama maegesho ya magari kwa muda mrefu.

"Aya hii, kimsingi, inajaribu kuitazama..."

"Matano yamekwisha, Daktari."

"Ah, wewe nawe! Wazo kubwa huwezi kulipima kwa kibaba."

"Ni wazo gani?"

"Ndilo hilo mtahini analitafuta."

"Basi niruhusu niikate mahali pamoja tu. Apate pa kutokea."

"Usiiguse!" Hapo hakucheka. "Aya ile ni pumzi moja. Niliiandika likizo nzima. Ukiikata, nitakushtaki barazani kwamba umeharibu kazi iliyo mikononi mwa mtahini, na huo mkataba wako wa muhula utaufundishia nyumbani kwenu."

Wapo watu ambao hawajawahi kusoma walichokiandika, na hao ndio wakali zaidi kikiguswa. Bi Matano aliaga kwa adabu, akashuka ngazi.

Jumatano alipomaliza kipindi cha saa nne alikwenda chumba cha kusomea, akavuta kiti, akakaa kando ya ile makala. Karani alikuwa amefika kabla yake. Aliingiza biskuti mbili katikati ya kurasa, akazigandamiza kidogo kwa kiganja, na baada ya dakika chache zilisikika zikitafunwa.

"Hujambo, mheshimiwa mtahini?" akauliza Bi Matano.

"Sijambo," sauti ikajibu kutoka katikati ya ukurasa wa kumi na tatu, "ila nimechoka kidogo. Nani mwenzangu?"

"Mwalimu wa uandishi. Uko mstari wa ngapi?"

"Hata sijui. Kuna 'aidha' hapa kushoto kwangu. Nadhani nimeipita mara ya nne."

"Hiyo usiifuate. Mbele yako kuna nini?"

"Kuna 'kwa upande mwingine'."

"Upande wa kwanza uliuona?"

Mtahini alifikiri. "Hapana," akasema. "Sasa unavyouliza, hapana."

Akaeleza kwamba jana aliteremka kwenye tanbihi akidhani atapata mlango. Kule chini alikuta majina ya watu kumi na saba wamepangwa kama viatu barazani, miaka yao kwenye mabano, na hakuna hata mmoja aliyesema kitu. Akapanda tena. Alilala chini ya neno moja refu lililomkinga upepo.

"Na lile faili langu, mheshimiwa? Jembamba, la kijani?"

"Nitalifikia, Mwalimu, nitalifikia. Nikimaliza hili. Hili ni zito. Sijawahi kukaa mahali pazito namna hii." Kisha viatu vikaburuzwa kuelekea ukurasa wa kumi na nne, vikasimama, vikarudi.

Jioni alipofika nyumbani alimkuta mama yake mbele ya cherehani, anapindia shuka kwa kupapasa. Mama huyu alikuwa fundi miaka thelathini na minne. Aliwashonea watu wa mtaa mzima sare, magauni na suruali, na hakuna aliyewahi kumrudishia nguo, isipokuwa wale waliozidi unene wenyewe. Kila jioni bintiye alimsomea insha za wanafunzi, naye alisikiliza huku mguu uko kwenye kanyagio. Kanyagio likisimama, insha ilikuwa imeharibika mahali fulani.

Bi Matano alimweleza habari za mtahini toka mwanzo. Mama hakuona ajabu. Aliuliza tu maswali ya fundi.

"Kurasa sita, na zote zimeshonwa pamoja?"

"Zote."

"Juu hakuna mdomo?"

"Hakuna, mama. Inaanza na 'kwa mantiki hiyo', na kabla yake hakuna mantiki yoyote."

"Mfuko usio na mdomo si mfuko, mwanangu. Huo ni uvimbe. Chukua mkasi."

"Mwenyewe amekataa."

"Mwenye uvimbe siku zote hukataa," mama akasema, akakata uzi kwa meno.

Alhamisi saa sita na nusu, watu wote walipokwenda kula, Bi Matano aliingia chumba cha kusomea na penseli. Karani alikaa mlangoni na chakula chake magotini. "Mimi sijaona kitu," alisema. "Mimi nakula."

Akaisoma aya yote, kurasa zote sita, akiwa ameshika meza kwa mkono mmoja ili asiingie. Kurasa mbili za kwanza ziliahidi yatakayojadiliwa. Wa tatu uliwashukuru waliokwisha kuyajadili. Wa nne ulieleza kwamba kuyajadili si jambo jepesi, na kwamba neno "kujadili" lenyewe lahitaji mjadala. Alipita polepole akipapasa kwa ncha ya penseli, akitafuta sentensi moja tu yenye jambo ndani yake, inayoweza kubeba mguu wa mtu. Kila aliyoigusa ilibonyea. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hilo halikuwa debe, lilikuwa ghala zima la madebe.

Ukurasa wa kumi na tano, mstari wa tisa, penseli ikagonga kitu kigumu. *Msomaji hachoshwi na urefu wa njia, huchoshwa na kutojua anakokwenda.*

Aliijua sentensi ile. Ilikuwa yake. Aliisema kila mwaka, kipindi cha kwanza, kabla hata hajaita majina. Miaka miwili nyuma Kwa Mantiki Hiyo alitumwa kuja kumkagua darasani. Alikaa nyuma, miguu ameinyoosha, akaandika sana, naye Bi Matano akafikiri mtu huyu ana bidii ya ukaguzi. Katika kurasa sita zenye tanbihi kumi na saba, sentensi ile peke yake haikuwa na tanbihi.

Alikaa ameshika penseli, na kwa dakika kama mbili alitamani kufunga makala ile, aweke juu yake kamusi kubwa, aende zake akale. Waache walane wenyewe humo ndani. Lakini mtu aliyemo ndiye mwenye sahihi, na sahihi ndiyo kadi, na kadi ndiyo jicho. Akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Mheshimiwa, nenda mbele, ukurasa wa kumi na tano. Usisome kitu njiani. Ukihisi chini pamekuwa pagumu, simama."

Ilichukua nusu saa. Alimsikia akikanyaga "hali kadhalika" tatu mfululizo, akiteleza, akisimama kupumua.

"Pamekuwa pagumu!" mtahini akapiga kelele.

"Hapo hapo. Usisogee."

Bi Matano akaweka alama ya aya mpya mbele ya ile sentensi, akaishusha mstari, akaisogeza ndani kidogo, kama anavyowaonyesha watoto wa mwaka wa kwanza. Pakafunguka weupe wa upana wa kidole. Hewa ya chumba ikaingia kwenye ukurasa, na harufu ya vumbi la zamani ikatoka.

"Kushoto kwako kuna uwazi. Tanguliza kichwa."

Mtahini alitoka kichwa, kisha mabega, kisha akakwama tumboni kidogo, akatoka. Alikuwa na ndevu za siku nne na kiatu kimoja. Alijikung'uta nukta zilizomganda mabegani, akakaa kitini, akatafuta miwani.

"Saa ngapi?"

"Saa nane kasoro."

"Ya siku gani?"

"Alhamisi."

Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyerudi safari ya heshima. "Siku nne," akasema. "Aya moja, siku nne! Na ule mwisho, ghafla, mwandishi anakufungulia njia. Kina cha ajabu." Kisha akamtazama Bi Matano, akatazama penseli iliyokuwa mkononi mwake, akasema, "Binti, naweza kupata chai?"

Akampelekea chai.

Ijumaa saa tatu mtahini alilifungua faili la kijani. Bi Matano alisimama ukumbini karibu na mlango, daftari la mahudhurio mkononi, akijitia anahesabu majina. Alimsikia akiingia aya ya kwanza na kutoka, akiingia ya pili na kutoka, mlango baada ya mlango, hatua zake nyepesi, kiatu na soksi, kiatu na soksi. Hakukwama popote. Hakurudi nyuma hata mara moja. Aya zote thelathini na moja alizimaliza kwa dakika hamsini, na alipotoka ya mwisho chai yake ilikuwa bado ina moto. Moyo ulimdunda Bi Matano kwa furaha. Alijiambia kwamba mtu aliyelala siku nne chini ya neno refu, leo akapewa nyumba yenye milango, hawezi kukosa kuona tofauti. Hata asiyejua kusoma angeiona.

Saa sita baraza likakaa. Saa tisa karani akatoka na bahasha mbili, uso ameukunja. Alimvuta Bi Matano kwenye chumba cha mashine ya kunakilia, akafunga mlango. Yeye ndiye aliyechapa ripoti za mtahini, na ana kichwa kinachoshika.

"Ya kwake huyo wa juu inasema hivi," akaanza kwa sauti ya chini. "'Nilikaa ndani ya aya moja siku nne na sikuweza kuimaliza. Katika miaka yangu yote ya utahini sijakutana na kina cha namna hii. Hasa sentensi ya ukurasa wa kumi na tano, iliyonitoa gizani, inastahili kusomwa na kila mwanafunzi.' Wamempa uprofesa. Wamepiga makofi."

"Na yangu?"

"Yako, dada, nilitaka nikosee kuichapa." Karani aliangalia mashine. "'Kazi nyepesi. Aya thelathini na moja, na kila moja inajulikana inasema nini. Msomaji anaingia na kutoka bila kupoteza hata kiatu. Zaidi ya hayo, ukurasa wa pili mwandishi ametumia sentensi ya Profesa bila kumtaja. Namsamehe kwa kuwa ni mwalimu wa mwaka wa kwanza.'"

Mashine ya kunakilia ilikuwa ikipoa, inatoa mlio wa tik, tik. Bi Matano aliuliza kama makala ile nene aliiona mtu mwingine yeyote baada ya mtahini, na kama kuna aliyeuliza habari za alama ya penseli. Karani akasema Profesa mwenyewe aliifungua mbele ya baraza, akaona mahali palipokatwa, akasema, ndiyo, hapo aliikata kwa makusudi.

Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuandikii barua. Bi Matano alipewa yake kwenye bahasha ya kahawia, pamoja na boksi la penseli kumi na mbili na filimbi. Mkuu wa Idara alimpa kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia kwamba baraza halikumsahau.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mama alisimamisha cherehani.

"Soma," akasema.

Bi Matano aliketi kwenye kigoda, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa karatasi moja, na karatasi nzima ilikuwa aya moja. Ilianza kwa kurejelea mazungumzo ambayo hayakuwahi kufanyika, ikapita kwenye shukrani, ikazunguka nyuma ya kanuni fulani yenye herufi tatu na namba, ikarudi kwenye shukrani. Mstari wa sita alihisi sakafu inalainika. Aliijua dalili ile. Sauti yake ilianza kumfikia mama kwa mbali, kama inayotoka chumba cha pili, na vidole vya miguu vikaanza kupata baridi.

Mama alimdaka mkono wa blauzi, akauvuta kwa nguvu. "Rudi!"

Akarudi. Akafungua boksi la penseli, akatoa moja, akaikata barua kwa alama iwe aya tatu, pale penye uwazi na pale pasipo nao. Akaisoma tena moyoni. Sasa ilipitika.

"Jicho langu limo?" mama akauliza.

Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma.

"Halimo, mama."

Mama alipapasa shuka lililokuwa mezani mpaka akaupata upindo, akaufuata kwa kidole hadi kwenye kona.

"Kwa hiyo barua inasema nini? Kwa matano yako."

Bi Matano alifikiri. Kazi mpya aliyopewa iliitwa Msindikizaji wa Wasomaji, ya mkataba wa muhula mmoja, na maelezo yake yalikuwa kwamba msomaji yeyote akiingia aya na kuchelewa, aitwe yeye. Akaandika pambizoni, akamsomea mama.

"*Tutoe humu, wewe baki nje.*"

"Ehee," mama akasema. "Hiyo sasa ina mdomo."

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ililia. Alikuwa karani. Profesa mpya alikuwa ameamuru aya yake ya nne inakiliwe na kugawiwa mwaka wa kwanza wote kama mfano wa aya bora, na kwenye nakala zile ule uwazi wa penseli haukutokea. Wanafunzi kumi na mmoja walioichukua Jumamosi walikuwa wamekwisha kuingia. Mkuu wa Idara aliingia Jumapili alipokuwa akihakiki idadi ya nakala, na sasa alikuwa anaita kutoka ukurasa wa kumi na mbili, anataka aletewe muhuri wake.

"Nakuja," Bi Matano akasema.

"Usiende bado," mama akasema kutoka kwenye cherehani. "Nitungie sindano kwanza. Tunga za wiki nzima, maana wewe na hao watu wako sijui mtarudi lini."

Akaketi karibu na dirisha, akamtungia sindano saba, moja ya kila siku, akazichomeka kwenye kimto kwa mstari, ya Jumatatu mwanzo, ili mama azifikie kwa kupapasa. Kisha akatia filimbi mfukoni, akaenda kazini.